Kanuni Isiyopimwa na Mahakama

Askari aliyeitumikia nchi yake akitoka hospitali ya serikali na ulemavu ambao hakuingia nao, ni nani atakayeubeba mzigo huo? Marekani ililijibu swali hili mwaka wa 1924. Bunge lake liliamuru kwamba askari mstaafu aliyeumizwa na matibabu ya serikali alipwe fidia kana kwamba aliumia akiwa kazini.

Sheria hiyo haikumtaka athibitishe kosa la daktari. Lakini idara iliyowahudumia askari wastaafu ilijiandikia kanuni iliyomdai ushahidi wa uzembe au wa ajali. Neno la ofisi likalimeza neno la Bunge. Na mnyonge angelalamika wapi? Hadi mwaka wa 1988, Bunge lilipounda mahakama maalumu ya rufani zao, milango ya mahakama ilikuwa karibu yote imefungwa mbele yao. Kesi ya ngedere alipelekewa nyani.

Mlango ulipofunguliwa, aliingia askari mmoja aliyepigana vita vya Korea. Alikuwa amepasuliwa mgongo katika hospitali ya idara hiyo, akabaki na maumivu na udhaifu wa mguu wa kushoto, akanyimwa fidia. Tarehe 12 Desemba 1994, Mahakama ya Juu ilimpa haki kwa kauli moja. Serikali ilijitetea kwamba kanuni ilikuwa imedumu miaka 60. Majaji wakasema kwamba umri hauwezi kuiponya kanuni inayopingana na sheria.

Mwaka wa 1996 Bunge liliibadili sheria yenyewe. Kwa madai yaliyowasilishwa tangu tarehe 1 Oktoba 1997, mlemavu hudaiwa kuonyesha uzembe au kosa la namna hiyo, ama tukio lisilotazamiwa. Hatuisifu hatua hiyo: aliyelazwa kwa dawa ya usingizi atajuaje kisu kilikosea wapi? Hata hivyo ilichukuliwa hadharani, na watu wanaoweza kung'olewa kwa kura.

Sisi Wakenya tuliandika katika Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa mujibu wa sheria, na ya kupewa sababu kwa maandishi. Basi ninyi mnaowasindikiza wakongwe na walemavu kwenye madirisha ya ofisi, mkiambiwa kwamba kanuni haziruhusu, msigeuke kimya. Ulizeni: kanuni hiyo imetokana na sheria ipi? Kisha ombeni jibu lililoandikwa.