Wimbo Hauhukumiwi Nje ya Mchezo Wake

Kuna desturi moja ambayo sisi twaipinga, nayo ni ile ya kuuhukumu mchezo wa kuigiza kwa nyimbo zake kabla mchezo wenyewe haujapanda jukwaani. Wanaoifuata desturi hiyo ni watu wenye mapenzi ya kweli na sanaa. Lakini mapenzi peke yake hayamfanyi mtu kuwa mhakiki. Twawaomba walimu na wanafunzi waitazame kwa makini, kwani makosa yake si ya ugenini tu.

Makao yake hasa ni Broadway, barabara mashuhuri ya jiji la New York nchini Marekani, ambayo jina lake limekuwa pia jina la majumba ya maonyesho yapatayo 40. Humo huonyeshwa michezo ya nyimbo, yaani tamthilia ambazo wahusika wake huzungumza, na maneno matupu yasipowatosha huimba. Mchezo mpya unapotangazwa, aghalabu nyimbo mbili tatu hutolewa kabla ya siku ya ufunguzi. Mashabiki huzipokea kama wenye njaa. Huzisikiliza usiku na mchana, huzihifadhi kwa moyo, huzilinganisha na kazi za zamani za mtunzi yule yule, kisha mabishano huanza. Huyu asema mtunzi ameishiwa. Yule asema amejipita mwenyewe. Hukumu hutolewa na rufani hukatwa, hali hakuna hata mmoja wao aliyeliona pazia likifunguliwa.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mchezo uitwao Oklahoma!, wa Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, ulifunguliwa Machi 1943, na santuri zake zilirekodiwa baadaye mwaka ule ule. Santuri ilikuwa ukumbusho wa kilichokwisha kuonekana. Lakini Jesus Christ Superstar, wa Andrew Lloyd Webber na Tim Rice, ulitangulia kutoka kama santuri mwaka 1970, na jukwaa la Broadway likafuata mwaka 1971. Hapo ukumbusho uligeuka kuwa mpiga mbiu. Leo intaneti imemwongezea mpiga mbiu huyo miguu, na sauti yake hufika kila pembe ya dunia kwa siku moja.

Je, mpiga mbiu huyo ni mkweli? Hebu tuutazame mchezo uitwao Chess. Nyimbo zake, zilizotungwa na Benny Andersson na Björn Ulvaeus pamoja na Tim Rice, zilitoka kwenye santuri mwaka 1984, na mmoja wao ukavuma katika nchi nyingi. Mjini London mchezo ulifunguliwa mwaka 1986 ukadumu karibu miaka mitatu. Ulipopelekwa Broadway, maelezo na mazungumzo yake yaliandikwa upya. Ukafunguliwa Aprili 1988, na Juni mwaka huo huo ukafungwa. Nyimbo kwa sehemu kubwa zilikuwa zile zile zilizopendwa. Lililobadilika ni mchezo uliozibeba. Yule aliyeketi na santuri yake mwaka 1984 akatabiri ushindi, alitabiri jambo ambalo santuri haikuwa na uwezo wa kumwonyesha.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Wimbo wa mchezo una kazi, na kazi hiyo hupimwa mahali pake. Mwaka 1962 mchezo wa vichekesho uitwao A Funny Thing Happened on the Way to the Forum ulipokuwa katika maonyesho ya majaribio, watazamaji hawakucheka. Mchezo ulianza kwa wimbo mpole wa mapenzi, na kwa hiyo watu walikaa wakingojea mapenzi. Jerome Robbins, aliyeitwa kuuokoa, alishauri kwamba wimbo wa kwanza uwaambie watu waziwazi kuwa wamekuja kucheka. Stephen Sondheim akatunga wimbo mwingine, na mchezo ule ule ukafanikiwa. Wimbo uliotolewa haukuwa mbaya. Ulikuwa mlango wa nyumba nyingine.

Sondheim huyo huyo, katika matayarisho ya A Little Night Music ya mwaka 1973, alimtungia mwigizaji Glynis Johns wimbo uitwao Send in the Clowns. Sauti ya mama huyo ilikuwa nzuri lakini haikuweza kushikilia noti ndefu. Basi mtunzi akaukata wimbo katika vifungu vifupi vifupi, vingi vikiwa maswali. Msikilizaji aweza kuuona ufupi huo kuwa upungufu. Mtazamaji huuona kuwa ni pumzi ya mwanamke aliyechelewa kuyatambua mapenzi yake. Mwenye kusikia tu na mwenye kuona hawahukumu kitu kimoja.

Tena liko kosa zito zaidi, nalo ni kuugeuza wimbo useme kinyume cha ulivyokusudiwa. Mfano wake umo katika maneno ya lugha yetu wenyewe. Katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, na katika mchezo uliofunguliwa Broadway Novemba 1997 chini ya uongozi wa Julie Taymor, umo wimbo uitwao Hakuna Matata. Maneno hayo yameandikwa juu ya fulana na vikombe, na wageni hutusalimu kwayo wakidhani ndiyo hekima ya Waswahili. Mwaka 2018 palikuwa na malalamiko makubwa kwamba kampuni ya Disney iliyasajili kuwa alama ya biashara ya mavazi. Watu walibishana ni nani mwenye maneno hayo. Ni wachache waliouliza maneno hayo yanafanya kazi gani ndani ya mchezo.

Sisi twajibu: yanafanya kazi ya kishawishi. Simba, mwana wa mfalme, amefiwa na babaye, na kwa hila za amiye amejidhania kuwa ndiye mwuaji. Anakimbia. Huko aliko anafundishwa na wenzi wawili kwamba asijali lolote, na mmoja wao jina lake ni Pumbaa, neno ambalo kila mtoto wa Kiswahili analijua maana yake. Wakati yeye anaimba na kunenepa, nchi yake inakufa njaa. Mchezo hauishi mpaka Simba auache wimbo ule na kurudi kubeba wajibu wake. Kwa hiyo anayeuchomoa wimbo huo na kuufanya wasia, amechukua maneno ya majaribu akayaita maneno ya hekima. Na hasara hii ni yetu, kwa kuwa ni Kiswahili kinachosingiziwa falsafa ya uvivu.

Tunajua watakavyotujibu mashabiki. Watasema kwamba Merrily We Roll Along, wa Sondheim pia, ulifungwa mwaka 1981 baada ya maonyesho rasmi 16 tu, na kwamba ni santuri iliyouhifadhi hata ukarudi Broadway mwaka 2023 ukashangiliwa, na mwaka 2024 ukapata tuzo ya Tony. Hilo ni kweli, wala hatulikatai. Lakini na tuulize: santuri ilihifadhi nini? Ilihifadhi ombi la kwamba mchezo uchezwe tena. Waliozipenda zile nyimbo hawakutosheka nazo. Waliurekebisha mchezo na kuurudia kwa miaka mingi hadi ulipopata sura iliyozistahili. Huo ndio upenzi tunaousifu. Kusubiri kwa hamu si kosa, na kubishana si kosa. Jamii isiyobishana juu ya nyimbo zake imekwisha kuzichoka. Kosa ni kufunga shauri kabla shahidi mkuu, yaani jukwaa, hajasema.

Nasi hapa nyumbani hatukuhitaji kuvuka bahari ili tulijue hilo. Katika ngano zetu, msimulizi hufika mahali akaacha kusimulia akaimba, na wasikilizaji wakaitikia. Wimbo wa ndege anayefichua siri ya mauaji, nje ya ngano, ni sauti ya kuchezea watoto. Ndani ya ngano ni ushahidi. Bibi zetu hawakuuimba mpaka wamefika pale unapohitajiwa.

Lakini katika shule zetu mara nyingi mchezo huandaliwa, kisha wimbo unaopendwa wakati huo hubandikwa mwanzoni au mwishoni ili watazamaji wapige makofi. Walimu, tuache jambo hilo. Kila wimbo unaoingizwa katika mchezo na uulizwe maswali matatu: nani anaimba, kwa nini ameshindwa kusema, na wimbo ukiisha kitu gani kimebadilika? Usipojibu, utolewe, hata uwe mtamu kama asali. Na mwanafunzi anayesikia wimbo wa mchezo asioujua, wa Broadway au wa kijijini kwake, aupende akipenda, aukariri akitaka. Bali hukumu yake aiweke mpaka siku atakayouona mahali pake.