Udongo, Rula na Habari za Zamani

Mwanafunzi akiulizwa, "Mashua Mimi na Toutou zilifika lini ziwa Tanganyika?" atajibu upesi, "Mwaka 1915." Vema, amesema kweli. Lakini mwulize tena: "Mimi ilikuwa na urefu gani? Je, ingeingia katika darasa lenu? Na meli ya adui ilikuwa kubwa mara ngapi kuliko yenyewe?" Hapo atanyamaza, atatazama dari. Anaujua mwaka, lakini mashua haijui. Ameshika ganda, na karanga yenyewe bado hajaila.

Mimi naona kwamba habari za zamani zinafaa kusomwa kwa mikono pia, si kwa masikio tu. Wanafunzi na watengeneze mifano midogo ya vitu vya kale, kwa udongo, kwa matete, kwa vipande vya mbao. Tena mifano hiyo ipimwe sawasawa. Neno hili la kupima ndilo kubwa. Mtoto akifinyanga mashua kwa kukisia, amefanya kitu cha kuchezea. Akichukua rula na kusema, "Sentimeta 1 ya udongo wangu ni mita 1 ya mashua ya kweli," hapo ameanza kusoma.

Tushike habari hiyo ya Mimi na Toutou, maana ilipita katika nchi yetu, na njia yake twaijua.

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza Ulaya, vikafika na huku. Ng'ambo ya mashariki ya ziwa Tanganyika walitawala Wadachi, ndio watu wa Ujerumani. Ng'ambo ya magharibi walitawala Wabelgiji. Mwaka ule ule Wadachi waliiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, na ziwa zima likawa lao. Mwindaji mmoja Mwingereza, jina lake John Lee, alikwenda London na shauri la ajabu: mashua mbili ndogo zenye injini zipakiwe melini, zipitishwe nchi kavu, zishushwe ziwani. Wakubwa wakakubali. Wakamweka kamanda Spicer-Simson kuongoza safari. Ndiye aliyezipa mashua majina. Msidhani kwamba Mimi ni neno la Kiswahili, kana kwamba mashua inajitaja yenyewe! Ni majina ya kitoto ya Kifaransa: Mimi ni paka, Toutou ni mbwa.

Mwezi wa 6, mwaka 1915, mashua zikaondoka Uingereza. Kutoka Cape Town zikachukuliwa na gari la moshi hata Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, zikaendelea hata Fungurume. Pale reli ilikwisha. Mbele yake kulikuwa na msitu, mito na milima ya Mitumba. Kutoka Fungurume hata Sankisia ni zaidi ya kilomita 200, na mwendo huo ulikula siku 40 hivi, toka mwezi wa 8 hata mwisho wa mwezi wa 9. Mashua zilikokotwa na mitambo miwili ya mvuke yenye magurudumu, na ng'ombe wengi, na watu. Kisha reli fupi mpaka Bukama, kisha mto Lualaba mpaka Kabalo, kisha reli tena mpaka Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie. Siku ya 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani, meli ndogo ya Wadachi. Siku ya 9 Februari 1916 ikazamishwa nyingine, Hedwig von Wissmann.

Hiyo ndiyo habari kama ilivyo katika vitabu. Sasa tulete udongo.

Tuchague kipimo cha 1 kwa 100. Mimi ilikuwa na urefu wa mita 12, basi mfano wake ni sentimeta 12. Upana wake ni sentimeta 2 na nusu hivi. Kingani ilikuwa na mita 17 hivi: sentimeta 17. Na mtu mzima je? Ni milimeta 17, kama punje ya mhindi iliyosimamishwa juu ya nyingine. Mnaona sasa jinsi watu walivyobanana ndani ya Mimi, pamoja na mzinga na injini.

Lakini Wadachi walikuwa na meli ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mfalme wa ziwa: Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5000, ikaletwa kwa bahari hata Dar es Salaam, na kwa reli hata Kigoma, ikaungwa tena pale. Urefu wake mita 71, upana mita 10. Basi fundi wa darasa apime sentimeta 71 za udongo, au afadhali za mti mwepesi, maana udongo wa urefu huo utapasuka. Akimaliza, aiweke juu ya meza, na ubavuni mwake aweke Mimi ya sentimeta 12.

Wote watazame bila kusema neno kwa dakika moja.

Katika vitabu imeandikwa kwamba mwezi wa 2 mwaka 1916, Götzen ilipotokea mbele ya Lukuga, kamanda Spicer-Simson alikataza mashua zake zisitoke kupigana nayo. Watu wengine walimcheka, wakamwita mwoga. Wengine husema alikuwa na akili. Mwanafunzi aliyesoma kitabu tu atasema lile alilolikuta katika kitabu. Mwanafunzi aliyeweka sentimeta 12 kando ya sentimeta 71 atakuwa na neno lake mwenyewe. Mwenzake atamjibu, "Lakini mashua ndogo zilikuwa na mbio zaidi!" nao watashindana. Katika mashindano hayo mwalimu asiwe na haraka ya kuamua.

Haya, sasa tujaribu njia yenyewe, na hapa mambo yanakuwa magumu, tena matamu. Kwa kipimo kile kile cha 1 kwa 100, njia ya kutoka Fungurume hata Sankisia ingehitaji kilomita 2 za udongo na zaidi. Meza ya kilomita 2 iko wapi? Basi tubadili kipimo: sentimeta 1 iwe kilomita 1. Sasa njia ni mita 2 na kitu, inaenea darasani. Lakini Mimi imekwenda wapi? Imekuwa kama sehemu ya kumi ya milimeta. Chembe ya unga ni kitu kikubwa mbele yake! Na mlima? Njia ilipanda milima ya Mitumba mpaka kimo cha mita 1800 hivi juu ya bahari. Kwa kipimo chetu ni sentimeta 1 na milimeta 8, hata tukihesabu toka usawa wa bahari. Haufiki urefu wa kidole gumba.

Watoto hawatapenda. Watasema, "Mwalimu, mlima gani huu? Tuuinue kidogo!" Nao watataka kurundika udongo mpaka ufanane na mlima walioufikiri. Mwalimu asikubali. Mfano uliodanganya kipimo ni sawa na shahidi aliyedanganya barazani: hata yale ya kweli aliyosema hayana faida tena. Lakini asiwaache hivyo, na katika akili yao mlima ukae kama tuta la viazi. Awatoe nje. Awape gogo zito, lenye kamba mbili, walikokote kupanda kilima kilicho karibu na shule, kisha walishushe taratibu bila kuliacha libingirike. Watakaporudi wakihema, na wautazame tena ule mlima wa milimeta 18. Mfano huonyesha ukubwa. Uzito hauonyeshi, wala jua, wala kiu. Ni lazima mwalimu aujue upungufu huo wa kazi yake.

Nimetaja kiu. Mitambo ya mvuke hula kuni na kunywa maji, na ile ilikuwa miezi ya ukame. Maji yalipopungua, wanawake wa vijiji waliyaleta kwa vyungu, vichwani, toka mbali. Wanaume walifyeka msitu, wakapasua mawe, wakajenga madaraja mengi ya miti ili magurudumu yapite. Jina la kamanda liko katika kila kitabu cha habari hii. Majina ya waliofyeka na waliobeba maji hayako, au ni machache mno.

Hapa ndipo mfano wa udongo unaponipendeza kuliko maneno. Mwandishi wa kitabu anaweza kuandika neno moja, "wafanyakazi", akapita mbele. Neno hilo moja linawafunika mamia ya watu. Lakini mwanafunzi anayetengeneza njia kwa kipimo hawezi kupita hivyo. Akiweka mashua juu ya gari lake na watu watano tu kando yake, wenzake watamwuliza, "Nani aliyekata miti hii? Nani aliyejenga daraja lile?" Itambidi afinyange mtu mwingine wa milimeta 17, na mwingine, na mwingine, mpaka vidole vichoke. Kikundi kizima cha wasichana kifanye wabeba maji peke yao, kila mmoja na chungu chake. Na kama yuko bibi au babu mjini mwenu aliyesimuliwa na wazee wake habari za wapagazi wa vita ile, mwiteni aje aone, aseme kilichosahauliwa.

Najua wengine hawapendi maneno haya. Mzazi mmoja aliniambia, "Nimemtuma mtoto shuleni asome, nawe wamrudishia udongo kwenye kaptula." Namheshimu, maana kulipa karo ni kazi. Ni kweli pia kwamba kwenye mtihani hawaulizi udongo, wanauliza mwaka. Lakini jaribuni: mtoto aliyepima Götzen kwa mkono wake hasahau 1913 wala 1915, kwa sababu miaka hiyo imepata mahali pa kukaa.

Neno jingine lina nguvu zaidi: kwamba mifano ya vita itawafanya watoto wapende vita. Hatari iko. Nimewaona wavulana wakizisukuma meli na kupiga mizinga kwa midomo. Basi mwalimu aseme wazi kwamba juu ya Kingani mkubwa wa meli aliuawa, na wengine pamoja naye, na kwamba katika vita ile wapagazi wengi sana wa Afrika walikufa kwa njaa, maradhi na kuchoka. Kwa hiyo nasema njia ya Mitumba itengenezwe kwanza, meli baadaye.

Wala tusidhani kwamba kufundisha habari za kale kwa kitu cha kushika ni akili ya wageni. Ni kweli, huko Roma fundi Italo Gismondi alitengeneza mji wote wa Roma ya kale kwa kipimo cha 1 kwa 250, akaifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1930 hata miaka ya 1970. Lakini Waluba walikuwa na lukasa, ubao mdogo unaoenea mkononi, wenye shanga na alama. Watu wa chama cha Mbudye waliupitisha kidole juu yake, shanga kwa shanga, wakisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Lukasa haikupimwa kwa rula, na haikuwa sanamu ya nchi. Hata hivyo mwenye kuufundisha na mwenye kujifunza walikuwa na kitu kati yao, wakakigusa wote wawili.

Labda mtaniuliza, somo likiisha meli zitupwe wapi? Götzen msiitupe. Siku ya 26 Julai 1916 Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma ili isishikwe, wakiwa wamepaka injini zake mafuta mengi. Waingereza wakaiinua mwezi wa 3, mwaka 1924. Basi fanyeni na kipimo cha wakati: juma 1 liwe mwaka 1. Ifukieni chini ya mchanga nyuma ya darasa, mwandike siku ukutani. Mtangoja majuma 8 kasoro siku mbili tatu. Mvua itanyesha juu yake, kuku watapita, wengine watasahau ilipo. Kisha ichimbueni, muitazame ilivyo. Kaeni nayo majuma 3 tena, na hapo mtakuwa mmefika 1927: futeni jina la zamani ubavuni, mwandike jipya, Liemba.