Acheni Kumcheka Anayejifunza

Mwezi jana nilialikwa kusikiliza mdahalo wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari. Binti wa kidato cha pili alisimama, akamtaja mama yake, kisha akamwita "he". Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mwalimu, mtu mzima mwenye heshima zake, akacheka nao. Binti akaketi, wala hakufungua kinywa tena hadi tunatawanyika.

Ndugu zangu, kosa lake ni lipi? Kwetu mama ni "yeye", na baba ni "yeye". Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka 7 ya shule ya msingi, kisha akatupwa ghafla katika fizikia na historia za Kiingereza, atakosaje kuteleza? Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Nabii Musa alikuwa mzito wa ulimi, na Mungu akamtuma kwa Farao vivyo hivyo. Sisi ni nani hata tucheke?

Nanyi vijana, msijifiche nyuma ya kicheko hicho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mnajaza madaftari kanuni za sarufi na midomo mmeifunga. Nani aliyejua kuogelea kwa kukaa ufukoni? Watazameni wapagazi wa Kilimanjaro na vijana wa Forodhani kule Unguja: wengi wao Kiingereza wamekiokota kwa wageni, leo wanakosea, kesho wanasahihishwa. Tafuteni kila mmoja mwenzake, muwekeane ahadi kwamba njia nzima ya shule ni Kiingereza tu. Someni kwa sauti robo saa kila siku. Msikilizeni msomaji wa habari redioni, mumfuatishe papo hapo, mkitega sikio anapokaza neno. Maana sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiingereza hakina utaratibu huo. Irabu zetu ni 5 tu, ndiyo maana "ship" na "sheep", meli na kondoo, hututoka kwa sauti moja. Yatamkeni maneno kama hayo mawili mawili mpaka yaachane. Wala msijidharau: atamkaye sawasawa "thamani" na "dhahabu" tayari anazo sauti ambazo Mfaransa huzitolea jasho.

Na hapa siwezi kulinyamazia jambo jingine. Wako waungwana wanaochanganya, nusu Kiingereza nusu Kiswahili katika sentensi moja, wakidhani huo ndio usomi. Mwacha asili ni mtumwa! Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, akarudi, akamfasiri Shakespeare kwa Kiswahili safi, *Mabepari wa Venisi* kikatoka mwaka 1969. Kila lugha aliipa heshima yake.

Walimu wapendwa, ninyi ndio taa ya nchi hii. Mtoto akikosea, mwacheni amalize, kisha yarudieni maneno yake kwa usahihi na kwa upole, atasikia. Na mwalimu wa yule binti, kama anasoma haya, mdahalo ujao ampe yeye nafasi ya kwanza ya kusema.