Habari za Kale: Ukoo wa Talai

Juma hili twataka kuzungumza juu ya nasaba. Wako wenzetu wadhanio kwamba kuhesabu mababu ni kazi ya wazee wakaao kivulini tu. Sivyo. Nasaba yaweza kumpa mtu kiti cha enzi, nayo yaweza kumfukuza kwao.

Tazameni Ulaya. Mwaka 1255 ndugu wawili wa ukoo wa Nassau katika Ujerumani, Walram na Otto, waligawana nchi ya baba yao. Tawi la Otto ndilo lililotoa wafalme wa Uholanzi. Mwaka 1890 Mfalme Willem III wa Uholanzi, aliyekuwa pia mtawala wa Luxembourg, alifariki bila kuacha mwana wa kiume. Ndipo Luxembourg ikamwendea Adolf, wa tawi la Walram. Miaka 635 ilikuwa imepita, lakini hesabu ya mababu haikupotea.

Nasi wa Kericho na Bomet tunayo habari ya ndugu wawili. Yapata mwaka huo huo wa 1890, Wanandi walimwua Orkoiyot wao, Kimnyole arap Turukat, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Orkoiyot ndiye aliyeagua mambo yajayo na kubariki vita, na cheo hicho kilikuwa cha ukoo wa Talai, ambao wazee husimulia kuwa asili yake ni Umasaini. Wana wa Kimnyole wakagombania urithi. Koitalel arap Samoei akabaki Nandi. Nduguye, Kipchomber arap Koilegen, akaja kwa Wakipsigis, akawa Orkoiyot wao wa kwanza.

Matawi yote mawili yalipatwa na msiba. Koitalel aliwapinga Waingereza kwa miaka mingi, hata tarehe 19 Oktoba 1905 akauawa kwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Huku kwetu, mwaka 1914, Kipchomber na ndugu zake wawili walihamishwa kwa amri ya serikali. Yeye alipelekwa Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, akafa huko mwaka 1916.

Hayo yaliwapata wakuu. Lakini mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Talai wote wa Kipsigis, na watu wapatao 700 wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya joto, mbung'o na malaria. Fikirini jambo hilo. Mtu hakuulizwa amefanya nini. Aliulizwa ni mwana wa nani. Mimi ni karani, na kila siku naandika majina ya watu katika daftari. Jina huandikwa kwa nukta moja, lakini kwa watu hao nukta hiyo ilikuwa safari ya miaka mingi, na wako waliozikwa huko huko.

Waliosalia walirudi Kericho mwaka 1962, na wengi wao hawakupata tena mahali pa kulima. Tangu hapo wazee wao na watoto wao wamekuwa wakidai haki, hata mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza wasiwasi wao juu ya dhuluma walizotendewa Wakipsigis na Talai. Na ushahidi wao wa kwanza ni upi? Ni nasaba ile ile iliyowahukumu: fulani mwana wa fulani, aliyezaliwa kilima kile, akachukuliwa mwaka ule.

Basi, ndugu msomaji, nunua daftari. Keti na babu yako, na bibi pia, kabla jua halijatua, uandike majina, mahali na miaka. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa.