Tusiseme Jini Kabla ya Kupima Damu



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunaanza kwa kukiri kosa letu. Mwaka uliopita, baada ya swala ya Alasiri katika Msikiti wa Jamia, Nairobi, alitujia dada mmoja mzawa wa Mombasa, aishiye Kawangware, akifuatana na mumewe. Tangu kujifungua alikuwa mchovu hata kumbeba mwanawe kukawa taabu. Alijitanda blanketi mchana wa jua, nywele zikimpukutika, choo kimemfunga, mwili ukinenepa ilhali chakula hakimpiti. Zahanati moja ilimpa dawa za kuongeza damu. Ya pili, katikati ya jiji, ikamwambia ni mawazo. Jamaa wakasema ni jini. Nasi tukamsomea miezi mitatu, wala hatukumwuliza kama amepimwa.

Alipopimwa damu kwingineko, ikabainika kwamba tezi yake ya shingo, ambayo wataalamu huiita tezi dundumio, imezorota.

Tezi hii, yenye umbo la kipepeo, hukaa mbele ya koo na kutoa homoni zinazoratibu joto la mwili, mapigo ya moyo, hedhi, uzito na hata furaha. Ikizembea, mwili wote hupoa. Ikizidisha kazi, moyo hudunda, mikono hutetemeka, mtu hukonda na kukosa usingizi. Ndiyo maana maradhi haya hujificha nyuma ya mengine. Uchovu hudhaniwa ni upungufu wa damu au ulezi. Jasho la ghafla huhesabiwa kukoma hedhi. Moyo kwenda mbio huitwa wasiwasi. Huzuni na ukimya husemwa ni jini. Wengi hungoja rovu litokeze, na kumbe tezi yaweza kuharibika bila shingo kuvimba. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na miezi ya baada ya uzazi ni mojawapo ya nyakati zake.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho TSH. Daktari asipokitaja, enyi kina mama, muulizeni kwa adabu. Anayemeza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini aseme mapema, kwani huweza kupotosha majibu. Aliyeandikiwa dawa ya tezi iliyozembea huimeza tumbo likiwa tupu. Ramadhani ikikaribia, amuulize daktari wake saa ya kuimeza, wala asiiache.

Kisomo hatukikatazi, Qur'ani ni shifaa. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametuamuru pia kujitibu, na kumsomea mgonjwa hakuzuii kumpeleka maabara.

Dada yule sasa humbeba mwanawe akapanda naye ngazi. Alipotuletea salamu hakutulaumu, tulijilaumu wenyewe. Tangu siku hiyo, kila anayetujia kusomewa tunamwuliza kwanza: "Umepimwa?"

Wabillahi tawfiq.