Tamasha la Karatu linatafuta wenyewe, na wenyewe ni sisi wa soka

KILA mwaka kabla ya msimu mpya nchi hii husimama kwa ajili ya sherehe mbili. Msimbazi wana Simba Day yao, Jangwani wana Wiki ya Mwananchi yao. Shabiki wa Karatu anayetaka kuwa pale uwanjani Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 700 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Anachangia mafuta, ananunua jezi mpya, analala ndani ya basi, na akirudi nyumbani hana shilingi lakini roho yake imetulia. Hatumlaumu hata kidogo. Hayo ndiyo mapenzi ya mpira.

Lakini leo tuna swali kwa shabiki huyo huyo. Desemba inapofika, palepale Karatu mjini, kwenye viwanja vya Mazingira Bora, kuna tamasha la michezo ambalo limekuwa likifanyika kwa miaka mingi. Kuna mbio za wakubwa na za watoto, baiskeli, wavu, ngoma, kwaya, na soka pia limo. Hakuna nauli ya Dar. Je, wewe na wenzako wa tawini mna nafasi gani pale? Mnakwenda kama wenye shughuli au kama wapita njia waliosikia spika zinalia?

Tamasha hilo huandaliwa na Taasisi ya Filbert Bayi. Kwa vijana wanaojua majina ya viungo wa Ulaya mpaka wa timu za daraja la pili, tuwakumbushe Bayi ni nani. Alizaliwa Karatu mwaka 1953. Februari 2, 1974, akiwa na miaka 20 tu, alikwenda Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akaingia fainali ya mita 1500. Siku zile wakimbiaji wa masafa hayo walikuwa na mtindo wa kuviziana mpaka mzunguko wa mwisho. Bayi yeye aliondoka na bastola, akaenda mbele peke yake, akawaambia kwa miguu: anayeniweza anifuate. John Walker wa New Zealand alifuata, Ben Jipcho wa Kenya alifuata, wote hawakumkamata. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mei 1975 akaongeza na rekodi ya dunia ya maili, dakika 3 na sekunde 51, kule Kingston, Jamaica.

Mwaka 1976 alikuwa anasubiriwa na dunia nzima Montreal, pambano lake na Walker. Halikuwapo. Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligomea Olimpiki ile kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi alichukua fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akachukua fedha ya mita 5000. Mpaka leo, baada ya Olimpiki zote zilizofuata hadi Paris 2024, medali za Tanzania ni hizo mbili. Zote za riadha.

Sasa sikiliza jambo linalotuumiza zaidi. Rekodi ya taifa ya mita 1500 bado ni ile ile ya Christchurch. Tangu 1974! Watoto waliozaliwa siku ile sasa wana wajukuu, na hakuna Mtanzania aliyekimbia haraka zaidi ya Bayi. Hiyo ni sifa kwa Mzee Bayi, lakini kwetu sisi wengine ni deni.

Na si kwamba miguu imekwisha. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, aliingia uwanjani Tokyo kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Baada ya kilomita 42, wawili hao walimaliza kwa muda ule ule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na ikabidi picha iamue. Simbu alishinda kwa tofauti ya sekunde 0.03. Jamani, hiyo ni ndogo kuliko zile ofsaidi za VAR zinazowagombanisha vijiweni! Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Asiyeona utamu wa riadha arudie kuangalia zile mita 100 za mwisho.

Kwa hiyo miguu ipo, nyanda za juu zipo, hewa nyembamba ipo. Karatu, Mbulu, Hanang, Singida: ukanda huu ndio uliotupa majina. John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea na bandeji mguuni baada ya wote, ni mtu wa Mbulu. Kinachokosekana ni kitu ambacho sisi wa soka tunakifahamu kuliko watu wa mchezo mwingine wowote nchini: wenyewe.

Tueleze neno hilo. Tukiwa Karatu, kwa muda kidogo twende baharini. Karatu ziwa inalo, Eyasi, lakini ni la magadi na kina chake kifupi. Hakuna anayetarajia kuona mashindano ya matanga Mang'ola kwenye vitunguu. Pwani ndiko wanakoshindana kwa vyombo. Lamu, kwenye tamasha lao la utamaduni la kila mwaka, mbio za majahazi ndizo zinazojaza watu ufukweni. Zanzibar nako ngalawa zimekuwa zikishindanishwa kwenye sikukuu na matamasha. Mchezo ule hauna tiketi, huwezi kujenga ukuta baharini. Hauna ligi ya televisheni. Unaishi kwa sababu moja: kila chombo kina mwenyewe. Mwenye chombo ana tanga lake alilolishona, ana nahodha wake, ana mtaa unaomshangilia na mtaa unaomzomea. Siku ya mashindano ikikaribia hasubiri barua ya mwaliko. Akikosa, watu watauliza kulikoni. Huyo ndiye mwenyewe. Wenyewe wakikutana kila mwaka, wanakagua vyombo, wanabishana kanuni, wanachangishana, wanachagua wa kuwaongoza, halafu ndipo wanashindana. Wafadhili wakija, sawa. Wasipokuja, tanga linapandishwa hivyo hivyo.

Na huku kwetu je? Yanga ilianza 1935, Simba ikafuata 1936. Zimepita vita, ukoloni, Uhuru, vyama vya ushirika, ukata, matajiri waliokuja na matajiri walioondoka. Viongozi wangapi wameingia na kutoka? Klabu bado zipo. Zipo kwa sababu kuna mzee fulani ana kadi yake tangu ujana na ukimwambia Yanga si yake mtagombana. Huyo mzee hana hisa za mamilioni, ana kadi na sauti. Mkutano mkuu wa mwaka ukiitishwa anakwenda, anakaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi, anauliza pesa za usajili zimekwenda wapi. Wakati mwingine anauliza kwa ukali mpaka mkutano unavunjika. Lakini anauliza.

Tamasha la Karatu halina watu wa namna hiyo wa kutosha. Lina mwanzilishi mwenye moyo, lina taasisi, lina wafadhili wanaojitolea, lina wakimbiaji. Hawa wote tunawavulia kofia. Lakini shughuli inayomtegemea mwanzilishi ina umri wa mwanzilishi. Mzee Bayi amevuka miaka 70. Tunamwombea maisha marefu, na heshima kubwa tunayoweza kumpa akiwa hai ni kumwonyesha kwamba alichokianzisha nyumbani kwao kina watu watakaokibeba. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Bayi amecheza kwao. Kutunza ni zamu yetu.

Tunapendekeza nini? Mambo ambayo tawi lolote la mpira linaweza kuyafanya bila kumsubiri waziri.

Kwanza, kiundwe chama cha wenye tamasha, chenye kadi na ada ndogo ya mwaka ambayo bodaboda, mkulima wa Rhotia na mwalimu wa Endabash wote wanaimudu. Siku moja kabla ya mbio wakutane palepale Karatu. Mapato yasomwe, matumizi yasomwe, kamati ichaguliwe. Mali bila daftari huisha bila habari, na tamasha ni mali.

Pili, soka lisiwe mpinzani wa siku hiyo. Chama cha mpira cha wilaya kiiweke tarehe ya tamasha kwenye ratiba yake mapema, kisipange mechi nyingine, na fainali ya soka ya tamasha ichezwe baada ya mbio kumalizika. Mashabiki watakuja kwa ajili ya fainali, wataikuta riadha, na wengi hawatajuta.

Tatu, matokeo yaandikwe na yatunzwe. Mtoto wa darasa la sita anapomaliza wa tatu, liandikwe jina lake, shule yake, umri wake na muda wake. Mwaka unaofuata atafutwe. Kama hakuja, aulizwe kulikoni. Kwenye soka tunajua winga wa Ndondo Cup alivaa njumu za nani, lakini binti aliyeshinda mbio za watoto miaka mitano iliyopita tunamjua? Kipaji kinaonekana siku moja ila kinakuzwa siku 364 zilizobaki. Shule, kocha na chakula ndiyo mambo ya kuchangia, kuliko kombe linalong'aa na kubaki kabatini.

Nne, majirani wa Ngorongoro. Kila siku magari ya watalii yanapita katikati ya mji wa Karatu kuelekea lango la Lodoare na bonde lenye jina duniani kote. Huko juu, kwenye vijiji kama Nainokanoka na Endulen, kuna watoto wanaoishi na kutembea kwenye miinuko ambayo wanariadha wa Ulaya hulipa pesa nyingi kwenda kufanyia mazoezi. Wanachohitaji ni usafiri wa siku moja. Wenye hoteli na wenye magari ya utalii, viti vyenu vichache siku hiyo vinaweza kubeba bingwa. Isitoshe timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 20 tumeipa jina la Ngorongoro Heroes. Tumeazima jina la watu hawa kwa soka, basi turudishe fadhila hata kwa nauli.

Najua kuna wataokuja juu. Wa kwanza atasema: mkileta wanachama mtaleta migogoro, angalieni Simba na Yanga zilivyopelekana mahakamani. Ni kweli, zimefika huko, na si mara moja. Lakini watu hawagombanii kitu wasichokipenda. Tamasha likigombaniwa na wenyewe, kuna siku watapatana. Likiachwa bila wa kuligombania, litakufa kimya kimya na hakuna atakayeandika hata tanzia yake. Dawa ya migogoro ni katiba fupi inayoeleweka na hesabu zinazosomwa hadharani.

Wa pili atasema: mimi ni mtu wa mpira, riadha ya nini? Ndugu yangu, mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na Arusha mjini unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili hiyo. Kutoka Karatu ni safari ya saa chache kwa lami. Wageni watakuja, wataangalia mechi, watapanda kwenda Ngorongoro kuona simba na faru, watapita Karatu. Watakuta nini cha michezo pale? Mji uliomtoa mtu aliyeshika rekodi mbili za dunia kwa wakati mmoja unatakiwa uwe na cha kuonyesha zaidi ya kibao cha barabarani. Halafu tusidanganyane: beki wa pembeni anayepanda na kushuka dakika 90 anahitaji mapafu yale yale ya mtu wa mita 1500.

Matawi ya Simba na Yanga ya Karatu, tunawataja nyinyi kwa makusudi. Mna viongozi, mna wahazini, mna makundi ya WhatsApp, mnajua kukodi basi kwa siku mbili na kukusanya michango kwa saa tatu. Hakuna chombo kingine wilayani chenye uwezo huo wa kuita watu. Desemba hii fanyeni utani wenu wa jadi pale Mazingira Bora. Kila tawi lilee watoto kumi, liwape fulana za rangi yake, lihesabu nani ametoa wengi kwenye kumi bora. Wekundu washangilie wao, wa njano na kijani washangilie wao, matokeo yabandikwe tawini kama msimamo wa ligi.

Mtakuwa mmeanza kuwa wenyewe. Na rekodi ile ya 1974 itaanza kuwa na wasiwasi.