Ateri si Bomba la Maji

Katika madarasa mengi ya biolojia moyo hufananishwa na pampu, na ateri na mabomba. Mfano huo wafaa siku ya kwanza. Ukiendelezwa hadi kwenye tiba ya stenti, unapotosha. Mwanafunzi hudhani kwamba ateri inayolisha moyo ikizibwa na mafuta, daktari huingiza kineli cha wavu wa chuma, hukitanua kwa puto, na kazi ikaisha. La hasha! Kazi ya mwili ndiyo kwanza inaanza.

Puto likijazwa, hukwangua utando laini wa ndani ya ateri na kuugandamiza wavu ukutani. Hilo ni jeraha. Chembe sahani za damu hujikusanya juu ya chuma kwa muda wa dakika chache tu. Seli nyeupe hufuata. Kisha, kwa majuma na miezi, seli za misuli laini huhama kutoka tabaka la kati, huongezeka, na kuufunika wavu kwa tishu mpya. Kovu likiwa jembamba, ni heri. Likinenepa, njia ya damu husonga tena.

Tatizo hilo lilijitokeza mapema. Mwaka 1986 Jacques Puel huko Toulouse, Ufaransa, na Ulrich Sigwart huko Lausanne, Uswisi, waliweka stenti za kwanza katika ateri za moyo wa binadamu. Wagonjwa si haba wakasongwa upya na makovu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja stenti zilizopakwa dawa, mojawapo sirolimusi, ambayo asili yake ni bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Dawa huzuia seli zisigawanyike. Lakini haichagui: huchelewesha pia utando wa ndani usiote upya, na chuma kilichobaki wazi huweza kugandisha damu ghafla, pengine hata baada ya mwaka.

Ndiyo sababu mgonjwa huamriwa kumeza aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa miezi kadhaa. Anayeamini habari ya bomba, maumivu yakiisha, huona vidonge ni usumbufu, akaviacha bila kumwuliza daktari. Hapo mfano wa darasani unaweza kuua.

Walimu watasema muhtasari wa masomo umejaa. Ni kweli, lakini goti lililochubuka, ambalo kila mwanafunzi analijua, halihitaji kipindi cha ziada. Tofauti ni kwamba kovu la goti hutulia, ilhali ndani ya tishu iliyofunika stenti mafuta huweza kujilimbikiza upya miaka mingi baadaye.